Makufuli Matatu ya Stoo ya Dawa

Kufuli lisilomjua mwenyewe ni mwizi wa pili. Vijana wa kamati, mmeisikia kauli hiyo leo mlipopendekeza kuongeza kufuli pale zahanati, na mmeniuliza imetoka wapi. Ilianza hivi, nami nilikuwepo.

Kiangazi kimoja wezi walivunja zahanati ya ushirika wetu mara tatu. Walichukua hadubini, mablanketi na dawa. Wanachama wakaniagiza mimi, Masunga, katibu wao, niandike mpango wa ulinzi. Siku saba nilizunguka nikiandika kila dirisha na kila upenyo wa uzio. Tukaziba uzio, tukaweka nondo madirishani, tukaajiri mlinzi. Mlango wa stoo ya dawa nikauagiza wa chuma, wenye makufuli matatu. Ufunguo mmoja alikaa nao mwenyekiti Limbu, wa pili mimi, wa tatu muuguzi Nyamizi, ili mtu asiingie peke yake. Nyamizi aliuliza itakuwaje mmoja wetu akisafiri. Nilimwambia hilo tutalipanga baadaye. Nilikuwa nimechoka, na baadaye hiyo sikuifikia.

Wezi hawakurudi. Watu wakanipongeza.

Msimu wa kuchuma pamba, saa sita mchana, akaletwa Kabula, mke wa Shija, ameumwa na swila shambani. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwemo stoo. Mimi na Nyamizi tulifungua makufuli yetu, la tatu likabaki. Limbu alikuwa amekwenda mjini tangu asubuhi, na ufunguo wake mfukoni.

Tuliupiga mlango ule kwa shoka na mtaimbo, mimi, mlinzi na Shija, tukipokezana. Nilikuwa nimeuagiza usivunjike, na haukutaka kuvunjika. Ulipoachia, Kabula alikuwa haitiki tena. Nyamizi alimchoma sindano hivyo hivyo. Alasiri akakata roho.

Shija hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Katibu, kwa mlango huu mlikuwa mnamzuia nani?”

“Wezi,” nikasema.

Nyamizi alikuwa ameketi kizingitini. Akasema, “Wezi walikuja mara tatu, na kila mara walituachia dawa kidogo. Leo dawa yote imo ndani, na Kabula hakupata hata tone kwa wakati. Kufuli lisilomjua mwenyewe ni mwizi wa pili.”

Baada ya matanga niliuandika mpango upya, safari hii Nyamizi akiwa kando yangu. Kwa kila mlango tuliandika kwanza nani lazima aweze kuingia, na nani atashika ufunguo wake asipokuwepo. Wa kuzuiwa tuliwaandika mwisho. Ilituchukua siku mbili tu. Ningeweza kuzipata siku hizo mbili tangu mwanzo.

Shija bado hunisalimu tukikutana njiani. Mimi ndiye ninayeshindwa kumtazama usoni.

Basi ongezeni kufuli lenu, sikatai. Ila kabla hamjalifunga, semeni nani atalifungua siku mwenye ufunguo hayupo. Kufuli lisilomjua mwenyewe ni mwizi wa pili.