Siku Tano Majini

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Maringo, Nairobi, Beldina Nalianya alikuwa tayari ameinama kwenye karo, lile hodhi la saruji lenye mfereji mmoja lililotumiwa na nyumba kumi na mbili. Alikuwa na utaratibu wake. Mashati meupe kwanza, kisha ya rangi, kisha shuka, na nepi mwisho kabisa. Zote hizo zilikuwa nguo za watu wa mtaa wa Buruburu, ambao nyumba zao zilikuwa na maji ndani lakini hazikuwa na mikono ya kufulia. Beldina alizibeba kichwani katika beseni kwenda na kurudi. Ilimbidi aharakishe, kwa kuwa ilipogonga saa tatu mfereji ulikohoa mara mbili na kukauka.

Jumatatu moja ya mwaka wa 1981, alikuwa amefika kwenye kola ya shati la tatu wakati viatu vyeusi vilipong'aa mbele yake, vimesimama katikati ya povu.

"Wewe ndiwe Bi. Beldina Nalianya?"

"Kama umefuata shati lako, bado halijakauka," alijibu bila kuinua macho.

Mwenye viatu alicheka. Alijitambulisha kuwa ni Kinyanjui, afisa wa kiwanda kilichotengeneza sabuni ya Korongo. Mwezi mmoja uliopita, Beldina alikuwa ametuma karatasi ishirini za sabuni hiyo kwenye mashindano, bila kumwambia mtu, hata mumewe. Sasa alikuwa ameshinda: siku tano katika hoteli ya kisiwani, chakula na safari kwa gharama ya kiwanda.

Kinyanjui alifungua kijitabu chenye picha. Wanawake wote waliokuwa karoni waliacha nguo zao wakasongamana kutazama. Katika picha hiyo kulikuwa na miamba, na katikati ya miamba vidimbwi vya maji ya kijani kibichi. Kinyanjui alieleza kwamba bahari ilipojaa iliviingia vidimbwi hivyo, ilipokupwa ikaviacha vimejaa, na jua likayapasha maji hadi yakawa vuguvugu. Baada ya kuoga, wageni walilazwa kivulini wakasuguliwa mabega kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Katika kidimbwi kimoja alikuwamo mwanamke, maji yakimfika shingoni, macho ameyafumba. Hakuwa akifanya lolote. Beldina alimtazama mwanamke huyo kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

"Wee!" Waruguru alipaza sauti. Alikuwa jirani wa Beldina wa mlango kwa mlango, muuzaji wa mitumba katika soko la Gikomba, na ulimi wake haukujua kupumzika. "Huyu yuko ndani ya maji na hana hata soksi moja ya kufua? Mama Lydiah, sasa wewe utaenda huko kufanya nini? Kuwafulia watalii?"

Karo zima liliangua kicheko. Beldina, mama yake Lydiah, alihisi uso ukiwaka moto. Katika mtaa ule mwanamke alisafiri kwa mambo matatu tu: msiba, arusi na ugonjwa. Hakuna aliyewahi kupanda gari kwenda kulala majini.

"Ni mgongo," alisema kwa sauti ndogo. "Mgongo wangu unanisumbua. Maji hayo ni dawa."

Kicheko kilikatika papo hapo. "Pole, mama," walisema mmoja baada ya mwingine, na Waruguru akamkamulia shuka. Kinyanjui alimkabidhi fomu ya kuandika jina la msafiri, awe yeye mwenyewe au mtu wa jamaa yake, akaahidi kuipitia Jumamosi alasiri.

Uongo ule mdogo ulikuwa kama chachu katika unga. Jumanne, Mbithe wa nyumba ya sita alibisha hodi na chupa tupu ya maji ya matunda. "Niletee ya mtoto, ana pumu," alisema. Jioni yake zilikuja chupa nyingine mbili, moja ya Waruguru, kwa ajili ya macho, nyingine kwa ajili ya mume asiyetulia nyumbani. Jumatano, akina mama wa kanisa walimzunguka Beldina, wakamwekea mikono, wakauombea kwa machozi mgongo ambao haukuwa na kosa lolote. Kufikia Ijumaa dirisha lake lilikuwa limejaa chupa hadi mwanga ulipita kwa shida. Kila alipozitazama, moyo ulimuuma. Wenzake hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wakimwamini tu.

Jumamosi ilileta kubwa kuliko yote. Alikuja Nabiswa, dada mkubwa wa Patrobas, mume wa Beldina. Alitoka Kariobangi akitembea kwa fimbo, akakaa kwenye kiti cha Patrobas bila kukaribishwa, kwa maana alikuwa na haki hiyo. Ni yeye aliyekaa miaka tisa kando ya barabara akichoma mahindi ili Patrobas asome. Patrobas alipata kazi ya kiwandani; Nabiswa alipata magoti yaliyovimba kama malenge.

"Wifi, nimesikia mambo ya maji ya dawa," alianza, baada ya kunywa chai. "Nimefurahi. Mungu hasahau ukoo wetu."

"Ndiyo, dada," alisema Beldina.

"Lakini dawa huanzia kwa mgonjwa mkubwa. Mgongo wako bado unakupeleka Buruburu na beseni kichwani. Mimi nikienda msalani hushika ukuta. Au nasema vibaya, Patrobas?"

Patrobas alijikuna shingo. Kumkatalia Nabiswa kwake kulikuwa kama kumkatalia mama yake mzazi. "Hujasema vibaya, dada," alijibu, akikwepa macho ya mkewe.

"Basi andika jina langu, mimi sijui kuandika. Na vitenge vya safari nitaazima vyako, Mama Lydiah."

Waruguru, aliyekuwa ameketi mlangoni akijifanya anachambua mchele, aliusimamisha ungo. Patrobas aliitoa fomu kutoka ndani ya Biblia, akaiweka mezani, akatafuta kalamu mfukoni.

Beldina alitazama kalamu ile ikielekea kwenye karatasi. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikujua sana. Alikuwa amekuzoea tangu usichana kama mtu anavyozoea koti kuukuu. Akinyamaza, hakuna ambaye angejua, na angesifiwa kwa moyo mwema. Lakini Nabiswa angevuka nchi nzima akitumaini kupona, kisha arudi na magoti yaleyale, na matumaini hana. Na yeye Beldina angerudi karoni Jumatatu, akiwa amempa mtu mwingine kitu pekee alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe tangu aolewe.

"Usiandike," alisema.

Kalamu ilisimama. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia neno hilo kutoka kinywani mwake.

"Mgongo wangu hauumi," aliendelea. "Haujawahi kuuma. Nilidanganya. Na maji yale si dawa ya chochote, dada. Ni maji tu. Ukienda utarudi na magoti hayohayo."

Wakati huohuo Kinyanjui alifika mlangoni na mkoba wake, akaona nyuso zile, akabaki kizingitini pamoja na Waruguru.

"Ulimdanganya nani?" Nabiswa aliuliza polepole.

"Wote. Waliokuwa karoni, kanisa, wewe."

"Mama Lydiah," Patrobas aliingilia kwa upole, akimtafutia mkewe njia ya kurudi nyuma, "labda huuma kidogo tu, jioni jioni, ukichoka? Si uliniambia siku moja..."

"Ehe," Nabiswa aliidaka haraka. "Sema unaumwa kidogo, tuyamalize haya hapa ndani. Mgeni amesimama mlangoni. Unataka kesho mtaa mzima useme mke wa ndugu yangu ni mwongo, tena mvivu? Sema, wifi. Mimi nitaenda na magoti yangu nijaribu bahati, wewe utabaki na heshima yako."

Njia ilikuwa imefunguliwa, pana na laini. Neno moja lingetosha, na kila kitu kingerudi mahali pake kama maji katika mtungi. Badala yake Beldina alisimama. Alikwenda dirishani, akaanza kuziteremsha zile chupa moja moja na kuzipanga sakafuni, mbele ya miguu ya Waruguru.

"Hii ni ya Mbithe," alisema. "Mwambie mtoto apelekwe kwa daktari, nitamsindikiza mimi mwenyewe. Hii ni yako, Waruguru. Nisamehe. Kesho Jumapili nitasimama kanisani niwaambie akina mama, wacheke wakitaka kucheka."

"Utasimama kanisani? Wewe?" Waruguru alishangaa. "Wewe hata sadaka hutoa ukiwa umejificha nyuma ya mwenzako!"

"Nitasimama."

"Basi nitakaa kiti cha mbele. Haki, hiyo siwezi kukosa."

Nabiswa aligonga sakafu kwa fimbo. "Kama huumwi, unaenda kufanya nini huko? Niambie mimi niliyekuona ukiolewa. Ni nini kinachokutoa nyumbani kwako siku tano, uache mume na watoto watatu?"

Beldina alimgeukia. Mikono yake, iliyochubuliwa na sabuni kwa miaka kumi na moja, ilikuwa imetulia.

"Nitakutafutia daktari wa magoti, dada, na nitakwenda nawe kliniki kila mwezi nikiwa nimekushika mkono. Hilo ni deni letu, silikatai. Lakini jina langu nitaliandika mimi." Alichukua kalamu kutoka kwa mumewe, ambaye aliiachilia. Aliandika herufi kubwa kubwa, kisha akampa Kinyanjui fomu.

"Hujanijibu," alisema Nabiswa.

"Nakujibu. Nataka kuoga. Sina ugonjwa, sina msiba, sina arusi. Nataka kulala ndani ya maji ambayo sikuyateka, sikuyachemsha, na ambayo hayana nguo ya mtu ndani yake. Nataka nifumbe macho saa nne za asubuhi na asiwepo wa kuniita. Basi. Nataka kwa sababu nataka."

Hakuna aliyecheka. Beldina alikuwa amelivua koti lake la ukimya mbele ya watu, na asingeweza kulivaa tena. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.