Mteremko Ulioishia Ukutani

Sogeeni karibu, nina jambo lililonishinda kuamua.

Walikuwapo watu watatu. Hidaya, muuza uji, alikuwa na mgongo usiochoka. Shomari, fundi mwashi, aligonga ukuta kwa kidole akajua nyuma yake kuna nini. Nesi Leokadia alikuwa na mikono inayoona hata gizani.

Na alikuwapo Zawena, msuka mikeka, ambaye miguu yake haikuwahi kusimama tangu utotoni. Alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Uchungu ulimshikia sokoni. Hidaya akauacha uji uungue, akasukuma kiti cha magurudumu kilima kizima. Kila walipofika kwenye korongo alimbeba Zawena mgongoni, akamkalisha juu ya khanga yake safi, akarudi kufuata kiti. "Nishike shingo, mdogo wangu," alimwambia. "Usione haya kunikaba."

Zahanati ilikuwa na ngazi kumi na mbili, nyembamba. Pembeni palikuwa na mteremko wa saruji, laini kama sahani, uliochorwa kiti cha magurudumu kwa rangi ya buluu. Wakaupanda. Mteremko ukaishia ukutani.

Ndiyo, ukutani. Zamani hapo palikuwa na mlango wa wodi ya wazazi, mpaka Mganga Mfawidhi, Bwana Kisinza, alipotamani ofisi pana akaamuru uzibwe. Mteremko aliuacha kwa ajili ya wakaguzi. Nao walikuja, wakaupiga picha, wakanywa soda, wakaondoka. Watu wenye macho mazima.

Bwana Kisinza akachungulia dirishani, akasema wazunguke kwenye ngazi kama watu wengine. Nesi Leokadia akatoka mbio, akampapasa Zawena tumbo. Mtoto ametanguliza makalio, akasema. Mama asikunjwe tena mgongoni mwa mtu.

Shomari alikuwa akipaka chokaa uzio. Alikuja na nyundo, akagonga ukuta kwa kidole mara tatu. Bwana Kisinza akamwuliza kibali kiko wapi.

"Siku naziba hukunionyesha kibali," Shomari akajibu. "Sogeza kiti chako, Bwana Mganga."

Ukuta ukaanguka. Zawena akasukumwa katikati ya mafaili mpaka wodini.

Kitanda cha kujifungulia kilikuwa kimeinuka juu kama kaunta ya duka. Leokadia akalivuta godoro mpaka sakafuni, akapiga magoti kwenye saruji, akamtoa mtoto polepole, akimwimbia mama. Aliposimama, magoti yalikuwa yanavuja damu.

Mtoto wa kike, mzima.

Kwa desturi ya kwao, aliyemfikisha mtoto salama ndiye humpa jina, akawa mzazi wake wa pili maisha yote. Ni mtu mmoja tu. Wa kwanza kujitokeza alikuwa Bwana Kisinza, akikung'uta vumbi kwenye koti: mtoto alipita ofisini kwake, basi jina ni lake kutoa. Zawena akamgeuzia kisogo, akanyonyesha.

Akawaita wale watatu. Kila mmoja akakataa.

"Mimi nilikufikisha ukutani tu," akasema Hidaya.

"Na ukuta wenyewe niliujenga mimi," akasema Shomari, akitazama chini.

"Mimi nalipwa mshahara kwa kazi hiyo," akasema Leokadia.

Leo ni siku ya saba. Wageni wamekaa mkekani, mtoto hana jina, na lile tundu Bwana Kisinza amelitundikia pazia. Zawena anawatazama watatu, mmoja baada ya mwingine, na moyo unakataa kumwacha yeyote.

Mnaonisikiliza, mngekuwa Zawena, mngempa nani? Mnijibu. Ila asiniambie mtu ni Bwana Kisinza.