Manju Aliyekosa Swali

Mtu mmoja alikuwa na kikundi cha ngoma. Jina lake lilikuwa Nkwabi, na kwao ni Usukumani, ambako kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake huitwa manju. Mimi pia ni wa huko. Nawaambia mapema, ninyi mliokuja hapa na miswada yenu mikobani, kwamba nitajivuna kidogo, nanyi mtanivumilia.

Kwetu, mavuno yakishaingia ghalani, vikundi viwili hukutana katika uwanja mmoja kushindana. Hakuna mwamuzi, hakuna kikombe mezani, wala mtu wa kupuliza filimbi. Kikundi kimoja hucheza upande huu na kingine upande ule, kwa wakati uleule, na watu wako katikati, huru na miguu yao. Jua likizama, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Mkulima aliyetembea tangu alfajiri kuja kutazama ngoma hakai mahali kwa adabu. Akichoka hugeuka akaenda zake, na mgongo wake ndio hukumu. Nimekaa na wasomi wengi maishani mwangu, na sijaona baraza la sanaa lenye haki kuliko lile.

Nkwabi alikuwa na kila kitu. Alikuwa na ngoma kumi na mbili zilizowambwa vizuri, njuga za kutosha miguu arobaini, watu wa kutembea juu ya miti mirefu, mtu wa kubeba chatu shingoni, na nyimbo sabini alizotunga mwenyewe, kila moja tamu. Usinga wa uongozi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa manju mwenye jina kubwa. Siku ya mashindano, asubuhi, umati wote ulianzia kwake. Ulishangilia, ukatikisa vichwa kwa sifa. Adhuhuri ulianza kupungua. Alasiri Nkwabi alibaki na wazee watatu waliosinzia na mbuzi mmoja aliyekata kamba. Upande wa pili kulikuwa na manju aliyeitwa Malugu, mwenye ngoma tatu na shanga za kuazima, na huko watu walibanana hata wengine wakapanda juu ya mikokoteni.

Ikawa hivyo miaka mitatu mfululizo. Kila aliposhindwa, Nkwabi aliongeza kitu. Mwaka wa pili aliongeza ngoma nne, ndipo zikatimia hizo kumi na mbili. Mwaka wa tatu aliongeza yule chatu. Umati ulikuja, ukamshangaa chatu, ukaenda kwa Malugu. Ndipo wachezaji wake walipokaa kikao wakamwambia, bila kumzunguka, kwamba wamechoka kuchekwa njiani. Akishindwa mara ya nne, usinga utatoka katika nyumba ya baba yake uende kwa manju mwingine. Nkwabi hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda duniani, wala hakujua angekuwa nani bila hiyo. Siku ile hakula.

Lakini kilichomuuma kuliko kikao ni jambo aliloliona kwa macho yake mwaka ule wa tatu, akalinyamazia. Katika umati wa Malugu, mbele kabisa, alikuwepo Holo, mkewe. Mwishowe alimwuliza. Alimwuliza kwa hasira, Holo akiwa uani anapepeta mtama: je, nyimbo za Malugu ni nzuri kuliko zake? Holo akasema hapana, hata nusu hazifiki. Sasa kilichompeleka kule ni nini?

Holo aliweka ungo chini. "Baba Sayi, kwako nilikuwa nimeshaona," alisema. "Kule nilikuwa bado sijajua."

Kisha akamweleza. Asubuhi ile Malugu alichomeka jembe katikati ya uwanja. Akamleta mchezaji wake mmoja aliyevunjika mguu mwaka uliotangulia, akamkalisha kitini, akasema kwamba kabla ya jua kuzama mtu huyu atalirusha jembe hewani na kulidaka huku akizunguka, kama zamani. Basi, hakusema zaidi. Siku nzima walicheza mambo mengine, lakini kila wimbo ulimsogeza yule mtu karibu na jembe au ulimrudisha kitini. Mara alisimama, mara mguu ulimtetemeka akakaa. Holo alikiri kwamba alibanwa na haja ndogo tangu saa nane na hakuthubutu kwenda.

Nkwabi akauliza, je, alilidaka? Holo akacheka sana. "Kumbe na wewe unataka kujua!" alisema, akaokota ungo wake, akamwacha na hamu hiyo mpaka chakula kilipoiva. Nami nitawaacha ninyi hivyohivyo.

Sasa sikilizeni kosa alilolifanya, maana nimelikuta katika miswada yenu mingi. Nkwabi alielewa kwamba ngoma yake ilikosa swali la kuwafanya watu wangoje jibu, lakini alidhani kwamba swali ni kuficha kitu. Katika ngoma ndogo ya kufungua msimu aliweka tenga kubwa katikati ya uwanja, akalifunika kaniki, akatangaza kwamba litafunuliwa jioni. Watu walikaa, kweli. Walinong'ona, wakabishana, wengine waliapa kwamba ndani mna fisi. Jioni akafunua, na ndani mlikuwa na jogoo mweupe aliyevishwa shanga. Watu walicheka mara moja, kisha wakanuna, na mama mmoja akamwambia waziwazi kwamba amempotezea siku yake. Alikuwa na haki. Awe jogoo, awe fisi, hakuna mtu pale uwanjani ambaye angepata au kukosa chochote. Fumbo lilikuwepo, lakini ndani yake hamkuwa na mtu.

Nkwabi alirudi nyumbani kichwa chini. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na hapa ndipo ninapompenda. Safari hii hakuongeza ngoma. Alianza kuwaita wachezaji wake mmoja mmoja, akamwuliza kila mtu jambo lilelile: unataka nini, na ukikikosa itakuwaje? Mbeba chatu alitaka chatu mkubwa zaidi. Akimkosa, huyuhuyu atatosha. Wasichana wa mstari wa mbele walitaka kusifiwa. Wasiposifiwa mwaka huu, watasifiwa mwakani. Mtembea juu ya miti alitaka viatu, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu. Siku tatu Nkwabi aliuliza. Majibu yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililomfanya asogeze kiti chake karibu.

Siku ya nne alijiwa na Mzee Gindu. Huyu alikuwa mpigaji wa ngoma kubwa tangu enzi za baba yake Nkwabi, mpaka masikio yake yalipoziba. Sasa hakusikia kitu, hata radi. Nkwabi hakumfukuza, kwa heshima ya marehemu baba yake. Alimpa kingoma kidogo, akamkalisha nyuma ya vijana, mahali ambapo umati haukuweza kumwona. Ilikuwa aibu ya kikundi, na wote walikuwa wamejifunza kutoitazama. Mzee alisimama mbele ya manju wake, akasema kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, "Naona unawauliza wote. Mimi hujaniuliza."

Mzee akaendelea mwenyewe. Alitaka kuipiga ngoma kubwa mara moja tu, mbele ya watu wote, katika ule wimbo wa marehemu baba yake Nkwabi unaogeuza mwendo wa mapigo mara saba. Alitaka kujua kama ngoma ilikuwa masikioni mwake au ilikuwa ndani yake mwenyewe. Kama ilikuwa masikioni, alisema, basi yeye alikwisha kufa miaka miwili iliyopita, na wamekuwa wakimpikia ugali marehemu. Nkwabi alilia. Alilia kwa aibu kwanza, kisha kwa furaha, kwa sababu alijua kwamba amelipata. Swali lake lilikuwa ndani ya kikundi chake siku zote, nyuma ya ngoma zake kumi na mbili, na aliyeliweka huko ni yeye.

Siku ya mashindano ikafika. Nkwabi alikuwa amepunguza. Chatu alibaki nyumbani, na nyimbo sabini zikawa tisa. Asubuhi alimshika Mzee Gindu mkono, akamkalisha kwenye kigoda katikati ya uwanja mbele ya ngoma kubwa, akawaambia watu ukweli wote, pamoja na ule wa kumficha. Akawaambia kwamba katika wimbo wa baba yake safu mbili za wachezaji hupishana kila mwendo unapogeuka, na wao hufuata ngoma kubwa peke yake. Mpigaji akikosea, safu zitagongana, na wimbo utakufa palepale. Mzee alikuwa ameomba asipewe ishara na mtu yeyote.

Saa nne mzee alivua katambuga zake, akaweka nyayo ardhini. Saa sita alijaribu migeuko miwili ya kwanza, akakosea wa pili. Safu ziligongana, na mtu mmoja wa upande wa Malugu akacheka kwa sauti. Mzee hakukisikia kicheko, lakini aliziona nyuso. Aliweka chini mkwiro wake wa kupigia ngoma, akageuza kigoda akaipa ngoma mgongo.

Hiyo ilikuwa adhuhuri, saa ile ambayo kila mwaka umati ulihama. Hakuna aliyeinua mguu. Kina mama walisogea mbele zaidi. Nkwabi akaendelea kuimba nyimbo zake, na ninyi mnaoandika shikeni jambo hili: zilikuwa nyimbo zilezile za mwaka jana. Zamani watu walizisifu na kuzipita. Sasa walizisikiliza neno kwa neno wakimtazama mzee mgongoni, kwa sababu kila wimbo ulikuwa ama unamrudishia moyo ama unamvunja. Katika wimbo wa tano aligeuka nusu. Katika wa saba aligeuka kabisa. Watu wa Malugu nao walianza kuja, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakiulizana njiani. Amepiga? Bado. Amekataa? Hapana, bado.

Jua lilipokuwa linakaribia vichaka, Mzee Gindu aliokota mkwiro. Aligeuza mwendo mara ya kwanza, safu zikapishana. Mara ya pili, pale alipokosea mchana, akapita salama, na uwanja mzima ukashusha pumzi. Ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita aliipiga kwa mikono miwili kwa furaha, akajisahau, akapotea. Mkono wake ukabaki hewani. Wachezaji walisimama mguu mmoja juu, wakimtazama. Nkwabi aliishika mikono yake nyuma ya mgongo isije ikampa ishara, maana alikuwa ameahidi.

Mzee alifumba macho. Akasugua kisigino chake taratibu kwenye vumbi, mara moja, mara mbili, kana kwamba anatafuta kitu alichokiangusha. Kisha tukaona kidole gumba cha mguu wake kikianza kugonga ardhi, peke yake, polepole, halafu kisigino, halafu goti. Mwendo ulikuwa unapanda kutoka chini. Ulipofika begani alishusha mkono akaupiga ule mgeuko wa saba, mzito na mwepesi kwa pamoja, kama alivyoupiga zamani kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Safu mbili zikapita moja ndani ya nyingine, na hakuna bega lililogusa bega.

Nilikuwepo. Nimesema mtanivumilia, basi nivumilieni: nilikuwepo, nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka kwa siku mbili, na sijawahi kujivunia kwetu kama jioni ile. Hakuna aliyehitaji kutazama upande gani una watu. Malugu mwenyewe alikuwa upande wetu, amesimama juu ya mkokoteni, anafuta machozi kwa shanga za watu. Nkwabi alibaki manju. Mzee Gindu alirudi nyumbani kwa miguu, hasikii kitu, akisalimiwa na kila aliyepita naye.

Sasa toeni miswada yenu. Sentensi zenu nimekwisha kuzisifu, na sifa hizo sitazirudia. Namwuliza kila mmoja wenu, wala sitaki jibu refu: nikikifunga kitabu chako katikati, nitakuwa nimemwacha nani bila kujua litakalompata?