Pimbi na Kilima cha Kuta Zilizoanguka

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kilima.

Cha nani?

Hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Huko Kanaani, Pimbi aliishi na mkewe na watoto katika nyufa za kilima kilichofukia mji wa kale. Siku moja akaja Dubu, Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, tumbo mbele, wanyama wote nyuma.

"Hama," akasema. "Imeandikwa: Waisraeli walizunguka mji, wakapiga baragumu, kuta zikaanguka. Babu yangu alikuwamo."

"Dubu ametajwa, Mheshimiwa?"

"Wametajwa watu wote. Sasa nachimba. Mwenye alama zake chini kabisa ndiye mwenye kilima."

"Mmesikia?" Pimbi akawauliza wanyama. Wakaitikia. Kisha akamnong'oneza mkewe: "Mama watoto, wanao wamekula nini leo?"

"Tini tupu."

"Vizuri sana. Wapeleke kwenye ufa wa chini, wakae hukohuko."

Dubu akachimba. Chwa, chwa, chwa. Akakuta ukuta umelala.

"Si huu, umeanguka?"

"Umeanguka kweli," akasema Pimbi kutoka juu, "ila mapema mno. Babu yako alipofika na baragumu lake, hapa palikuwa malisho."

"Basi alikuja babu wa babu."

"Huyo atakuwa chini zaidi, Mheshimiwa."

Chwa, chwa, chwa. Ukuta mwingine.

"Na huu?"

"Huo ulianguka Musa hajazaliwa."

"Basi babu wa babu wa babu."

"Chini zaidi, Mheshimiwa."

Chwa, chwa, ko! Kucha zikagonga mwamba. Ukuta hapana, baragumu hapana. Palikuwa na rundo la vidonge vyeusi.

"Nini hiki?"

"Mavi ya pimbi," akasema Pimbi kwa adabu. "Alama za mababu. Ukoo wetu wote huenda haja mahali pamoja."

Dubu akanusa. "Mbona yana joto?"

"Huko chini kuna joto, Mheshimiwa. Hata wewe unatoka jasho."

Dubu akajipapasa shingo. Jasho lilikuwapo. Akaparamia ukingo, poromo, akarudi chini kwa makalio.

"Nivuteni."

"Tutakuvuta," wakasema wanyama. "Kwanza, kilima cha nani?"

Udongo ukamdondokea kichwani.

"Cha Pimbi," akasema, kwa sauti ya ofisini.

Ngano imegonga mwamba. Mwenye kucha achimbe yake. Na funzo ni hili, wanangu: mambo ya kale waachieni wenye vyeo, na kamwe msijisaidie pasipo choo.