Mistari Minne Iliyofutwa

Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako, ni kama walimwona Nyaruai wa Kibomet, mjini Kitale. Mwenye nguo akiitaka, mvaaji hubaki uchi, tena mbele za watu.

Nyaruai alikuwa ametunga programu ya kumwambia mkulima siku ya kupanda mahindi. Aliipa leseni huria, kila mtu aichukue, aibadilishe, hata aiuze. Sifa zikampanda kichwani. Jumatatu wakulima walialikwa ukumbini mtaa wa Tuwan kuiona, na siku hiyo hiyo ingeingizwa katika mkusanyo mkubwa wa programu za bure.

Ijumaa, Gurpreet, mwenzake katika kazi hiyo waliyoifanyia dukani kwa baba yake Gurpreet, aliinua macho kutoka kwenye skrini.

"Nyaruai, watu wa mkusanyo wanauliza leseni ya faili la mvua. Si ulisema ni lako?"

Halikuwa lake. Faili lilikuwa la Mwalimu Wekoye wa Bungoma, rekodi za mvua za miaka ishirini kutoka Bungoma hadi Kitale, alizompa ajifunzie alipokuwa chuoni. Juu kabisa palikuwa na mistari minne ya maneno. Programu ilijaribu kuisoma kama vipimo vya mvua, ikakwama. Basi Nyaruai akaifuta mistari hiyo, akalifungasha faili ndani ya programu, chini ya leseni yake mwenyewe.

"Hiyo mistari ilisema nini?" Gurpreet aliuliza alipokwisha kuelezwa.

"Sikuisoma," alijibu Nyaruai.

Kesho yake alikuwa sebuleni kwa Mwalimu, Bungoma. Aliogopa kushtakiwa, na zaidi aliogopa macho ya mzee yule. Wekoye alifungua nakala yake, akamsomea polepole: "Faili hili ni la masomo. Lisigawiwe wala kuuzwa bila idhini ya familia zilizopima mvua."

"Nisamehe, Mwalimu. Nipe ruhusa leo tu. Wakulima wanakuja Jumatatu!"

"Binti yangu, ruhusa si yangu pekee. Familia ishirini na mbili ziliamka kila asubuhi kupima maji kwa mkebe. Niliwaahidi hakuna mtu atauza jasho lao. Sasa wewe umeandika ati yeyote auze! Mimi nilikupatia uvae, si ugawe." Kisha akauliza: "Wangapi wameshalichukua?"

"Mia nne."

"Na hao utawaita warudishe?"

Mia nne wale hakuwajua hata kwa majina.

"Liondoe kwenye programu," Mwalimu akasema. "Nitawauliza wenyewe, boma kwa boma. Lakini hiyo si kazi ya siku mbili, bana."

Jumatatu ukumbi ulifurika. Mama Chepkemei, mkulima wa Kibomet, alisimama wa kwanza.

"Sisi tupande lini, mwanangu?"

Nyaruai alibonyeza jina la Kibomet. Skrini kubwa ukutani ikaandika: Hakuna rekodi. Akajaribu Tuwan. Hakuna rekodi. Bungoma mjini vilevile. Mtu akacheka nyuma.

"Kwani hii kitu yako haina kitu ndani?" Mama Chepkemei aliuliza.

"Iliyokuwemo haikuwa yangu, mama," alisema Nyaruai. "Nilifuta maneno ya wenyewe, nikaandika yangu."

Ukumbi mzima ukamtazama, naye hakuwa na pa kujificha. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako.