Shikamoo kwa Nyota Maskini

Nipeni masikio yenu. Hukumu nitawaachia wenyewe.

Palikuwa na mnara juu ya mlima wenye baridi, uliowekwa wakfu na malkia aliyekwisha kurejea kwa Mola wake. Ndani yake waliishi watu watatu waliozeekea kazini. Bi Zamzam alijaliwa jicho: akiupitisha mwanga wa nyota katika kioo cha pembe tatu, alitambua humo chuma na chokaa, kama mpishi anavyotambua viungo kwa harufu ya mchuzi. Bwana Mbaraka alijaliwa kuujua mtetemo: nyota hutetema kama ngozi ya ngoma, naye kwa mtetemo huo alijua ipi changa na ipi iliyochakaa. Bwana Fumo alijaliwa hesabu za mwendo: akiijua nyota iendako, aliirudisha nyuma hadi ilikotoka.

Malkia aliacha swali moja. Huu mji mkubwa wa nyota, uonekanao angani kama utepe mweupe, na ambao jua letu ni mkazi wake, ulijengekaje? Sharti la wakfu lilikuwa wazi: atakayelijibu atashuka kwao apumzike, na mnara usibaki na watu pungufu ya wawili. Hakuna aliyewahi kushuka. Bi Zamzam alipanda akiwa msichana. Sasa magoti yalimlilia katika kila ngazi. Mdogo wake Mwanaate, aliyebaki mjini chini, zamani alituma salamu na kuuliza, "Utashuka lini?" Siku hizi alituma salamu tu.

Bi Zamzam ndiye aliyeanza. Alijua kwamba nyota kubwa hufua chuma tumboni, zikifa humwaga majivu yake, na nyota zinazozaliwa baadaye huyarithi. Kwa hiyo nyota iliyo maskini wa chuma aliihesabu kuwa ya kale, na iliyo tajiri kuwa ya juzi. Akayaona makundi ya nyota maskini mno. "Hawa ndio wazee wa mji," akasema, akainamisha kichwa dirishani kwa adabu. "Shikamooni."

Bwana Mbaraka akazipima nyota zile zile. Kazi ilimla miaka, ikamwachia mikono inayotetemeka kama nyota zake. Alipomaliza, alicheka hata kikohozi kikamshika.

"Dada yangu, umewaamkia watoto! Wengine hapo ni wadogo kuliko matajiri wa papa hapa mjini."

"Mdogo hawezi kuwa maskini kiasi hicho."

"Hapa kwetu hawezi. Kwao je?"

Wakatazamana. Kwao wapi? Ndipo Bi Zamzam alipoelewa kosa lake: umaskini si umri. Nyota zile zilikulia mji mwingine, mji mdogo, ambako majivu hukusanyika polepole. Hazikuwa wazee. Zilikuwa wageni.

Bwana Fumo akazifuata njia za wageni wale, naye macho yake yakaishia humo. Wenyeji wengi huzunguka pamoja kwa utulivu. Hawa walipita kwa njia ndefu, nyembamba, wengine wakienda kinyume na mji mzima. Akawarudisha nyuma, nyuma tena, mpaka kabla jua halijawashwa, wote wakakutana.

"Hawakualikwa mmoja mmoja," akasema. "Walikuja na nyumba yao. Mji mzima uliangukia mji wetu ukavunjika, na kishindo chake kikawatawanya baadhi ya wenyeji. Mpaka leo hawajatulia."

Basi swali likawa limejibiwa: mji wetu ulijengeka kwa kuumeza mji mwingine. Habari ikashuka, na alasiri moja kadhi akapanda, nyuma yake punda mmoja mwenye tandiko moja.

"Nani amejibu?" akauliza.

"Bila mimi," akasema Bi Zamzam, "wasingejua kwamba nyota hizo ni za namna yake."

"Bila mimi," akasema Bwana Mbaraka, "huyu angekuwa bado anawaamkia wadogo."

"Na bila mimi," akasema Bwana Fumo, "mngekuwa na wageni ndani, msijue waliingia vipi."

Kadhi akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, hatamu mkononi. Naye alikuwa amechoka. "Kila mmoja amenithibitishia kwamba kazi haisimami bila yeye. Sasa nani kati yenu anayeweza kuachwa aende zake?"



"Haya, Mbaraka," akasema Bwana Fumo, "sema kwamba huna maana, ukalale kwenu."

"Tangulia wewe, mwenzangu."

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. Bi Zamzam akamtazama punda kupitia dirisha. Akamkumbuka Mwanaate. Akaitazama mikono ya Mbaraka na macho ya Fumo, ambaye sasa alimtambua mtu kwa sauti tu.  Akisema, "Kazi yangu ndiyo kubwa," amejifungia mnarani kwa kinywa chake. Akisema, "Kazi yangu ilikuwa ndogo," ameutupa umri wake wote kwa ajili ya tandiko.

Magharibi inakaribia, na njia ya mlimani haipitiki gizani. Kadhi bado ameshika hatamu mkononi, anawatazama wale watatu, na sasa anawageukia ninyi. Tandiko ni moja, enyi mliosikiliza. Mngempandisha nani, na wale wawili mngewaambia nini?