Mke wa Fundi Shee

Sogeeni, mnisikilize. Mwanamize aliolewa na Fundi Shee, aliyemjengea mfalme kasri la mawe. Lilipokwisha, mfalme akamziba fundi ukutani angali hai, asije akamjengea mwingine.

Mwanamize akaenda langoni. "Nirudishie mume wangu." Mfalme akacheka, lakini mawe yakamsikia mke wa fundi wao: nguzo zikapasuka. Kesho yake akarudi na neno lile lile. Dari ikaporomoka, watumishi wakatoroka. Siku ya tatu kuta zote zikaanguka, ila ule mmoja. Mfalme akalaliwa na kifusi, kichwa tu nje.

"Mama, nipe maji," akaomba.

"Niambie kwanza. Mume wangu alisema nini ulipotia jiwe la mwisho?"

Mfalme akasema, "Aliomba maji."

Mwanamize akateka maji kisimani, akampita mfalme bila kumtazama, akayamwaga yote chini ya ukuta wa mumewe. Ukuta ukafunguka. Akaufunga mwili wa mumewe katika shuka, akaenda kuuzika. Nyuma yake mfalme aliita mpaka sauti ikamkauka, na Mwanamize hakugeuka.

Nami naishia hapo hapo alipomwacha.